Jenereta la Baba Mkwe

"Kitione, zima hilo jenereta au uchumba wetu ufe leo!"

Losalini alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni, macho yanawaka. Ndani, mchumba wake alikuwa amepiga magoti, grisi imempanda hadi kwenye nyusi, anakaza nati. Jenereta lilikuwa linanguruma kama ng'ombe kumi wenye hasira. Kitione aliona tu midomo ya bibie inacheza, akatabasamu.

"Ndiyo, mpenzi! Ila tui liwe jingi!"

Losalini akapaaza sauti zaidi.

"Nasema uchumba ufe!"

"Hata samaki sawa tu!"

Binti akageuka, akaondoka huku sketi inapiga upepo. Baada ya muda mfupi simu ya Kitione ikatikisika mfukoni.

*"Miaka miwili ya mapenzi umeitupa kwa neno moja. Tena unacheka. Hongera."*

Akafuta vidole kwenye kaptura, akajibu haraka.

*"Jamani nilidhani unaniuliza nile nini jioni!!"*

*"Kula hilo jenereta lako."*

Hapa kwetu Nasavudua, upande wa kusini wa kisiwa cha Vanua Levu, hakuna asiyelijua jenereta lile. Ni la mzee Mosese, baba yake Kitione. Kimbunga kilipong'oa nguzo zote za umeme, yeye ndiye aliyelileta kwa boti na kuwagawia majirani mwanga. Tulimshukuru, tena kwa moyo. Lakini kibanda chake kiko juu ya kijito, na mafuta yalikuwa yanachuruzika majini. Kamba wa mtoni ambao mama zetu waliwavua tangu enzi wakaanza kufa. Waliosalia, ukiwapika kwa tui, nyumba nzima inanuka gereji.

Losalini, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, hakukaa kimya. Alipita nyumba kwa nyumba na ndoo ya kamba waliokufa, anaiweka katikati ya wanaume waliozunguka bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi.

"Kunyweni tu, wazee wangu. Mimi nimewaletea kitafunio."

Wazee wakaziba pua, wakasalimu amri. Akahangaika mpaka akapata paneli za sola kutoka umoja wa kanisa mjini. Zikafungwa kwenye fremu fupi nyuma ya ukumbi. Makubaliano yakawa hivi: taa za sola zikihimili wiki nzima ya mazoezi ya kwaya, Jumamosi kijiji kinaamua, na jenereta linastaafu.

Kitione alibanwa katikati.

"Huku baba, huku wewe," alimwambia Losalini, baada ya kumbembeleza siku mbili mpaka akakubali kuzungumza naye. "Nijikate vipande kama gimbi?"

"Sijakuambia umchukie baba yako. Nataka uniambie uko upande gani."

"Niko upande wako. Ila polepole."

"Kamba hawafi polepole, Kitione."

Jumatatu taa ziliwaka vizuri, tukaimba mpaka mchungaji akafuta jasho. Jumanne, katikati ya ubeti wa pili, giza! Sauti ya kwanza wakagongana na ngoma ya kanisa, sauti ya tatu wakakanyagana. Besi peke yao waliendelea, maana besi siku zote hawajui wimbo umeishia wapi. Jumatano, hivyo hivyo.

"Sola ni ya wazungu, haijui nyimbo zetu," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe, hata wewe nyimbo huzijui!" shangazi Vani akamjibu.

Huyu Vani ni dada yake baba wa Losalini, mjane, mwanamke anayeongea bila kumeza mate. Watu wakimwona njiani hukumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani.

"Losa, mwanangu, betri haifi bila muuaji," alimwambia mpwa wake wakirudi. "Kesho mchana nenda ukajifiche pale. Mimi ningekwenda, lakini kujificha lazima unyamaze, na mimi kifua kitanipasuka."

Alhamisi, jua la utosi, Losalini akazunguka nyuma ya ukumbi. Kitione alikuwa amesimama mbele ya paneli, mkeka mpana mikononi, nusu bado umefunika kioo.

"Kumbe ni wewe!"

Kitione akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Losa, ngoja..."

"Upande wangu polepole! Ndio polepole yako hii? Unanifunikia jua?"

"Sivyo unavyofikiri."

"Basi niambie niifikirie vipi! Mkeka umekuja kuota jua wenyewe? Umetembea?"

Kitione akafungua mdomo, akatazama upande wa nyumbani kwao, akaufunga.

"Sema!"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Kitione akaanza kuukunja mkeka. Losalini machozi yakamlenga. Alikuwa tayari kusikia uongo wowote, hata wa kitoto, lakini kimya kile kilimkata.

Kufika jioni kijiji kizima kilishajua, kwa sababu Losalini alimwambia shangazi Vani. Ijumaa, Aisake, baba yake Losalini, akavaa sulu, kile kikoi chake cheusi cha kanisani, na kwenda kwa Mosese kurudisha jino la nyangumi lililoletwa siku ya posa. Jino likirudi, hakuna uchumba. Mosese alilipokea kwa mikono miwili. Kitione alikaa pembeni ameinamisha kichwa.

*"Jumatatu naenda Labasa kukata miwa,"* alimwandikia Losalini. *"Sikukufanyia ubaya. Siku moja utajua. Ule vizuri."*

Losalini aliisoma, akaifuta, kisha akajuta kuifuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Mkuu wa kijiji, bwana Ratulevu, akakohoa.

"Kitione, umekutwa na mkeka juu ya mali ya kijiji. Una la kusema?"

"Sina, mzee."

"Hukatai?"

"Sina la kusema."

"Basi mwaka huu mzima huchezi raga."

Ukumbi ukaguna uuuh! Kitione ndiye mkimbiaji wetu tegemeo.

"Mzee, mpe adhabu yeye, usituadhibu sisi!" kijana mmoja akalalamika.

"Haina haja," Kitione akasema. "Naondoka Jumatatu."

Hapo ndipo mzee Mosese akainuka. Aliinuka kwa shida, ameshika nguzo.

"Mkeka ni wangu. Niliutandika mimi. Kijana alikuwa anautoa."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Baba, kaa," Kitione akanong'ona.

"Sikai! Umenifichia vya kutosha. Kila siku nautandika, akiuondoa naurudisha, jioni ananisihi. 'Baba, acha.' Nami mbishi. Jana wamenirudishia jino mikononi mwangu, nikamwona mwanangu anamezea aibu yangu. Usingizi sikuupata."

"Lakini kwa nini, Mosese?" mkuu akauliza.

"Mkeka ulikuwa na unyevu."

"Siku tatu mfululizo? Mkeka au mwani?"

Watu wakaangua kicheko. Mosese hakucheka.

"Tangu mama yake Kitione afariki, nyumba yangu imenyamaza," akasema. "Jenereta likinguruma, najiambia yupo jikoni, anagongagonga masufuria, ila simsikii kwa sababu ya kelele. Likizimwa, najua hayupo."

Kicheko kikafa. Mama mmoja akajifuta uso kwa kanga. Losalini alipita katikati ya watu, akaenda kukaa miguuni pa mzee, kichwa chini.

"Baba, nisamehe. Nimekuletea ndoo ya kamba wafu mara ngapi sijui, na sijawahi kukuuliza hata siku moja, umeamkaje."

"Hata mimi sikukuambia, binti yangu. Na kamba wale... marehemu alikuwa anavua palepale. Angeniona ninavyouchafua mto wake, angenipiga kwa mwiko."

Basi kwenye kona sauti ikalipuka.

"Mosese! Mosese wewe!" Alikuwa shangazi Vani. "Nyumba yangu na yako zimetenganishwa na shamba la mihogo, tena mihogo yenyewe mifupi! Mimi naongea toka jogoo wa kwanza, nikikosa mtu naongea na kuku, na kuku wenyewe siku hizi wanahama, watu wote mnanikimbia mnadhani sijui, na wewe upo hapo unachoma dizeli kwa kutafuta kelele? Ungekuja ugongee mlango!"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mzee Mosese aliinua uso, akamtazama Vani kama mtu anayeiona njia kwa mara ya kwanza.

"Na usiku unaongea?" akauliza kwa upole.

"Hata nikilala!"

Ilibaki kazi ya kuomba radhi, na hapo Aisake akatoa jasho. Kwa mila zetu, ukimkosea mtu kiasi kile, humwendei mikono mitupu. Unakwenda na jino la nyangumi. Na Aisake nyumbani kwake hakuwa nalo hata moja. Akasimama mbele ya Mosese anasugua shingo.

"Ndugu yangu, tumewakosea. Tumemhukumu kijana bure. Tunaomba radhi."

"Sawa. Jino liko wapi?"

"Ndio hapo. Lile tulilowarudishia jana... tunaliomba."

"Mnaliomba?"

"Mtuazime. Ili tuwape."

Mkuu wa kijiji alificha uso kwenye bakuli la kava, mabega yanamtikisika. Kitione akatumwa nyumbani mbio, akarudi na jino. Mosese akampa Aisake, Aisake akapiga magoti akampa Mosese kama radhi, Mosese akapokea na kusamehe. Kisha palepale Mosese akapiga magoti akampa tena Aisake kwa ajili ya posa. Jino likaishia lilikotoka jana, na wazee wawili wakiwa hoi.

Nje, Losalini alimkuta Kitione ameegemea fremu ya paneli.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni baba yangu. Ningekuambia wewe, wewe ungemwambia nani?"

Losalini akafikiri.

"Shangazi."

"Unaona."

Wakacheka wote wawili, kisha Losalini akaacha kucheka.

"Nilikudhania vibaya mbele ya watu, Kitione. Na ukanyamaza. Kwa nini hukunikasirikia?"

"Nilikasirika! Nilikata kuni za mwezi mzima. Muulize baba. Hatuna pa kuziweka."

"Bado unakwenda Labasa?"

"Nani ataniruhusu? Timu nzima imekaa juu ya begi langu."

Akamshika mkono. Mkono wa Kitione ulikuwa bado una harufu ya dizeli, na safari hii Losalini hakuulalamikia.

Jioni ile, kijiji kikiwa kimeamua kubaki na sola, tulikusanyika kibandani. Mosese aliweka kiganja juu ya jenereta, likiwa moto na linatetemeka.

"Zima wewe, mkwe," akamwambia Losalini. "Umelipiga vita."

"Hapana, baba. Wewe ndiye uliyetuwashia taa kimbunga kilipopita. Zima mwenyewe."

Mzee akavuta pumzi, akageuza swichi. Mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukaisha. Bondeni taa za ukumbi ziliendelea kuwaka bila sauti. Mosese alisimama pale, midomo inamcheza, macho yamejaa, na sisi sote hatukujua tufanye nini na ukimya ule.

Shangazi Vani akamshika kiwiko.

"Sasa Mosese, twende kwangu ukale, nina majani ya magimbi yamelala kwenye tui, na wakati unakula nitakuhadithia habari ya yule binamu yangu wa Taveuni aliyeoa dada wawili bila kujua, maana kisa chenyewe ni kirefu, kwanza lazima umjue babu yao..."

"Kirefu kiasi gani?" mzee akauliza, wanateremka pamoja.

"Mpaka Krismasi."

"Anza polepole, basi. Usiruke kitu."