Ngoma Iliyokatwa Katikati

Jua lilikuwa linazama nyuma ya viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, Munyoki alipobisha mlango wa nyanya yake, mkoba wa vinasa sauti begani. Alibeba mkate na maziwa ili ionekane amekuja kumjulia hali. Ukweli ni kwamba alikuja kuiazima mikono yake.

Munyoki alikuwa mtunzi wa muziki, na wakati huo alikuwa na kazi moja tu, ila ilikuwa kazi ya kujivunia. Jamaa mmoja wa Uswidi, Joakim, alikuwa akitengeneza gemu ya kompyuta yenye ngome, panga, wachawi na misitu isiyo na mwisho. Alitaka muziki wa kale, wa ala zinazopigwa kwa mkono na pumzi. Zeze na filimbi Munyoki alizipiga mwenyewe. Ngoma ndiyo iliyomshinda. Kila aliyoituma, Joakim alijibu kwa upole kwamba ni nzuri, lakini haimtishi.

Nyanya yake, Ndete, alikuwa nayo moja. Ilikaa chini ya kitanda, imeviringishwa kwa leso, tangu siku alipookoka. Usichanani mwake kule Kitui alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya Wakamba ya kuwaita aimu, yaani mizimu, wampande mtu waseme wanataka nini. Huko kanisani hakuna aliyejua.

"Kidogo tu, Susu," Munyoki alibembeleza, kwa jina ambalo Wakamba huwaitia nyanya zao.

"Hayo niliyaacha."

"Ni ya gemu. Ya kuchezea. Na siku hizi huko nje hakuna mtu anajua kuipiga."

Wapigaji wa zamani wote wana ugonjwa mmoja. Waambie siku hizi hakuna anayejua kupiga, umewamaliza. Ndete aliinama, akaivuta ngoma, akaifungua leso taratibu. Akachukua ugoro kidogo kutoka kwenye mkebe ambao pia kanisani hawaujui, akaupaka kwenye ngozi ya ngoma.

Kisha akapiga.

Ilianza chini sana, sauti ya mtu anayegonga mlango huku akiogopa kuwaamsha watoto. Halafu ikapanda. Ikawa inakimbia, inasita, inakimbia tena. Munyoki alisikia nywele za mikono zikisimama. Alitazama vinasa sauti vyake, akaona kila kitu kimeingia safi, akainua mkono.

"Inatosha, Susu. Nimepata."

Ndete hakuacha. "Haijaisha," alisema, macho yamefumbwa. "Hapa namwita tu. Bado ya kumsindikiza."

"Nitaizungusha kwa kompyuta. Ikifika mwisho inarudi mwanzo yenyewe."

"Inarudi mwanzo? Na yeye je?"

Munyoki hakuuliza yeye ni nani. Mlangoni palikuwa na hodi, akina mama wa kanisa wamefika kwa maombi ya jioni, na Ndete akaruka kama msichana aliyefumaniwa. Ngoma ikasukumwa chini ya kitanda. Mkebe wa ugoro ukaingia kifuani. Dakika ileile nyumba ikawa inaimba pambio.

Hivyo ndivyo ngoma ile ilivyokatwa katikati. Mmoja alikuwa na haraka ya kazi, mwingine aliona haya mbele ya waumini wenzake.

Munyoki na mkewe Phelister waliishi mtaa wa Kware, ghorofa ya sita, katika mojawapo ya yale majengo yaliyobanana hadi mtu anaweza kumpa jirani chumvi dirishani. Phelister alikuwa karani katika kiwanda cha mabati. Kwao ni Busia. Kikamba chake chote kilikuwa salamu mbili za kumfurahisha Ndete, na hata hizo alizipotosha. Alikuwa mtu wa kucheka, na wa kumkaribisha kila abishaye, hata wauza sabuni. Munyoki alimpenda kiasi cha kumwonea wivu mto anaoulalia.

Jioni ya kwanza aliikata ngoma, akaiunga mwisho kwa mwanzo, akaiacha izunguke huku akipiga zeze juu yake. Phelister alikuwa akimenya viazi.

"Hiyo ni poa," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Babe, nani anapanda ngazi?"

Munyoki alipunguza sauti. Ngazini palikuwa na nyayo. Miguu mitupu... na njuga. Mguu mmoja ulikuwa na njuga, mwingine haukuwa nazo. Zilipanda, zikapanda, zikakoma. Kisha zikaanza tena chini kabisa, pale kwenye lango.

"Ni watoto," alisema.

Phelister alikubali. Lakini bega lake la kulia liliruka, mara moja tu, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Akalishika kwa mkono wenye maji ya viazi, akacheka.

Kesho yake Munyoki alikutana na Oketch wa ghorofa ya tatu, mtu wa reli, mtaratibu, asiyekunywa.

"Niaje, Munyoki. Huyo mgeni wako ni nani?"

"Mgeni gani?"

"Anapanda na njuga. Anafika tu hapa kwangu, halafu anapotea." Oketch alishusha sauti. "Jana nilifungua mlango nimwone. Hakuna mtu. Lakini corridor yote ilikuwa inanuka ugoro, bro. Na hapa juu hakuna hata mzee mmoja wa kunusa ugoro."

Munyoki alicheka, kwa sababu asingecheka angelazimika kufikiri.

Joakim alifurahi mno. Mara hii, aliandika, nimeogopa. Ombi lake lilikuwa moja: mzunguko urefushwe, usirudi mwanzo upesi. Basi Munyoki akaurefusha. Aliongeza filimbi, akaunga vipande vya ile ngoma ya kuita, kila kimoja kikipanda juu ya kilichotangulia, kabla ya kurudi mwanzo. Na siku hiyo nyayo zilivuka mlango wa Oketch. Zilikoma ghorofa ya tano, chini yao tu.

Hapo ndipo alipoelewa. Mgeni alikuwa anapanda kadiri anavyoitwa. Wito ukirudi mwanzo, naye anarudishwa langoni aanze upya. Jioni nzima, juu na chini, kama mtu unayemwita kwa mkono halafu unamfungia mlango usoni.

Mtu mwenye akili timamu angeifuta kazi ile usiku uleule. Munyoki alikuwa na akili, lakini alikuwa pia mtunzi, na muziki ule ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kutunga. Akajiambia ataumalizia mchana, wakati Phelister yuko kazini, autume, kisha aufute hapa nyumbani. Akafanya hivyo, isipokuwa kuufuta. Akapanga wito mrefu zaidi, akautuma bila kuusikiliza hadi mwisho.

Sasa mtunzi gani anaweza kutuma kazi na asiisikilize hata mara moja? Saa kumi na mbili jioni aliweka vipokea sauti masikioni, akidhani kwamba asiposikia mwingine, hakuna atakayesikia. Akafumba macho. Ngoma ikapanda, filimbi ikalia, zeze likajibu.

Phelister alirudi kutoka kazini na mumewe hakumsikia.

Aliyafumbua macho kwa sababu ya harufu. Ugoro. Ugoro na vumbi lililonyeshewa, ndani ya chumba chao. Akavivua vipokea sauti. Nyayo zilikuwa kwenye ghorofa yao. Zilikuja taratibu, njuga, kimya, njuga, kimya... zikasimama.

Hodi haikubishwa.

Phelister alikuwa ameshafika mlangoni.

"Usifungue," Munyoki alinong'ona.

"Mtu amepanda ngazi yote hiyo," Phelister alisema, akishangaa ukali wa sauti ya mumewe. Akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Yeye lakini alitabasamu vilevile anavyowatabasamia wauza sabuni, akasogea pembeni kupisha.

"Karibu," akasema.

Mabega yake yote mawili yakaanza kucheza.

Alicheza kwa muda mrefu, pale pale mlangoni, macho wazi. Munyoki alimkumbatia kumzuia, na kumzuia ilikuwa sawa na kuzuia jenereta. Alipotulia aliketi kwenye kiti cha Munyoki, miguu mbali mbali kama mwanamume mzee, akaanza kusema. Kikamba. Kikamba cha ndani, cha watu wa zamani, ambacho hata Munyoki alikiokoteza nusunusu. Alisema amechoka na ngazi. Alisema anaitwa na hafikishwi, na kwamba kwao hakuna mtu aliyewahi kufanyiwa dharau ya namna hiyo. Kisha akaomba ugoro.

Munyoki alipiga simu Baba Dogo huku analia.

"Alifunguliwa mlango?" Ndete aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alifunguliwa."

"Na nani?"

"Phelister. Alimwambia karibu."

"Basi huyo ndiye mwenyeji wake," Ndete alisema. "Weka simu karibu na sikio lake. Mungu atanisamehe, ama hatanisamehe."

Akasikia leso ikifunguliwa. Kisha ngoma, safari hii ikianzia juu na kushuka, ikishuka polepole, kama watu wanaomsindikiza mgeni hadi njia panda na hawataki kuachana naye. Phelister alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Njuga zikalia kwenye ngazi, zikishuka. Ghorofa ya tano. Ya nne. Mlango wa Oketch. Lango.

Phelister alimtazama mumewe. "Mbona unalia?" akamuuliza kwa Kiswahili chake cha siku zote. "Na nani amekula ugoro humu ndani?"

Munyoki aliifuta kazi yote kwenye mashine yake usiku ule. Akamwandikia Joakim airudishe, akasema atamtungia nyingine bure. Joakim alijibu kwa furaha kwamba amechelewa, muziki umeshaingia kwenye gemu. Ameuweka msituni, mahali ambapo wachezaji hupotea. Unazunguka bila kukoma mpaka mtu aione njia ya kutokea, na wengi hawaioni.

Ndete alipoambiwa hakusema neno la kufariji. "Mimi nilikuwa namsindikiza anapoitwa na mtu mmoja," alisema. "Wakimwita wengine, atakwenda. Ila ataanzia kwa mwenyeji. Ndivyo anavyotembea." Akaomba asipigiwe tena simu kuhusu jambo hilo. Jumapili hiyo alitoa ushuhuda kanisani, akalia sana, na hakusema analilia nini.

Wiki kadhaa zikapita kwa amani, na Munyoki akaanza kulala.

Siku gemu ilipofunguliwa kwa watu, hata hakuikumbuka tarehe. Jioni Phelister alikuwa akikunja nguo. Nyumba ilikuwa kimya, mashine imezimwa, majirani wanapika. Bega lake la kulia likaruka. Kisha la kushoto. Njuga zikalia langoni, na safari hii hazikusita mahali, zilipanda moja kwa moja kama za mtu anayerudi kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Haikusaidia, kwa maana yule aliyekwisha kukaribishwa hahitaji kufunguliwa mara ya pili.

Phelister aliweka nguo chini, akaketi miguu mbali mbali.

"Nasikia ngoma kila upande," akasema kwa kile Kikamba cha zamani. "Wanaoniita ni wengi. Sijui nianze kwa nani."

"Mwache mke wangu," Munyoki alinong'ona.

"Nitamwacha. Nitajie pa kwenda."

Alimtazama Phelister. Mabega yake madogo yalikuwa yanaruka bila kupumzika, jasho limemlowesha blauzi ya kazini, na midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka kama ya mtu asiyepewa maji. Munyoki alimpenda mwanamke huyu. Hili lisemwe wazi, maana ndilo lililomponza.

Akasema, "Joakim."

Phelister alishusha pumzi. Akaendelea kukunja nguo, akalalamika kwamba mabega yanamuuma. Joakim hajaandika tena tangu siku ile, na kwenye kurasa za gemu yake watu wanauliza yuko wapi.

Kesho yake jioni njuga zilipanda ngazi, na swali likawa lilelile. Limekuwa lilelile kila jioni. Phelister hajui lolote. Anakunywa dawa za mabega, anacheka, anawafungulia wauza sabuni mlango. Anaona tu kwamba mumewe amezeeka ghafla, na kwamba siku hizi kila mchana anakaa mtandaoni akisoma watu wanaousifu muziki wake.

Majina hayakosi. Kila anayesifu huandika na lake.

Jana alikuwa mtu wa Brazili. Aliandika kwamba wimbo wa msituni umekuwa bembelezo nyumbani kwake, kwamba mwanawe mchanga halali asipousikia, hivyo wanauacha uzunguke hadi asubuhi. Aliweka na picha, baba na mtoto kifuani.

Munyoki alimtaja baba. Jina la mtoto halikuwa limeandikwa.