Ambrose Ni Nani?

"Na huyu Ambrose ni nani?"

Clive Pargeter aliuliza kwa ukali, ila aliyemuuliza ni droo ya jikoni. Mkewe Hester alikuwa kazini. Mkononi alishika barua aliyoikuta chini ya vitambaa vya kukaushia vyombo: karatasi nzito, nta nyekundu, mwandiko wa kujipindapinda ambao hajawahi kuuona.

"Mpenzi wangu, majira yote ya baridi nimekaa nawe meza moja bila kusema neno. Usidhani sikupendi. Kiburi ndicho kilichonifunga mdomo. Wako, Ambrose."

Majira yote ya baridi! Yeye yuko mlimani anajenga kuta za mawe, vidole vimekufa ganzi, kumbe kuna dume limekaa mezani na mkewe! Akampigia dada yake, Maureen.

"Muulize mkeo," Maureen alisema. "Kuuliza si ujinga."

"Dada, nyumba hii hatuulizani mambo hayo."

"Mnafanya nini sasa?"

"Tunachemsha chai."

"Haya, kunywa chai mpaka uachwe!"

Jioni Hester alirudi, akamwona mumewe amenuna.

"Una nini, mume wangu?"

"Sina kitu. Nikuwekee chai?"

Hester akapanda juu kubadili nguo. Simu yake ikatetemeka mezani. Ujumbe ulitoka kwa Leonard, mkutubi mstaafu wa pale kijijini:

"Ambrose wako ameniliza. Alhamisi saa kumi, ukumbini. Clive asijue kwanza."

Kumbe kuna mpaka kuwadi! Wivu ukampanda Clive, na bado akamimina chai.

Alhamisi aliuacha ukuta nusu, akaendesha gari hadi ukumbi wa kijiji. Mlangoni akasikia sauti ya mkewe:

"Nakupenda, na nimechoka kuficha."

Clive akausukuma mlango kwa bega.

"Yuko wapi huyo Ambrose? Atoke!"

Wanawake watano waliovaa kofia za kizamani wakageuka. Leonard alikuwa na kofia ndefu nyeusi iliyomzidi kichwa. Na Hester? Amesimama mbele yao na koti la kiume, kashika karatasi yenye mwandiko ule ule wa barua.

Leonard akakohoa. "Bwana Pargeter, Ambrose ni daktari wa kwenye riwaya. Ana miaka mia mbili."

"Nini?"

"Ile riwaya ya mapenzi ambayo bibi zetu wote waliisoma. Mle anasimulia binti peke yake, daktari kanyamaza mwanzo mwisho. Sasa tunaiandika upya, daktari ndiye asimulie, na tunaisoma hapa tukiwa na mavazi ya enzi zile. Sura hii ni ya mkeo."

"Na mwandiko ule?"

"Wangu," Hester alisema. "Nimejifunza kuandika kwa unyoya wa bata, kama wao."

"Sasa kwa nini mimi nisijue?"

"Kwa sababu ule ukimya wa Ambrose niliutoa kwako. Niliogopa utachukia. Barua umeiona lini?"

"Jumatatu."

"Siku nne unalala na mimi ukiamini nina mwanaume, na ulichonipa ni chai?"

Hakuna aliyecheka. Hester akaketi, sauti imempungua.

"Nikwambie ukweli, Clive. Mabegi yangu yako nusu tayari. Nilijiambia nimwandike huyu mtu, nione kama mwanaume kimya ana kitu moyoni. Nisipokiona, nakwenda kwa mama."

Clive akamsogelea. Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaweka kidole chenye vumbi la mawe juu ya neno moja.

"Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika kiburi. Si kiburi."

"Ni nini?"

Wale wanawake wakaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ni woga. Anamwona mwanamke ni bora kuliko yeye. Akifungua mdomo, mwanamke atagundua ameolewa na mtu wa kawaida tu. Ananyamaza ili asiachwe."

"Huyo ni Ambrose, au ni wewe?"

"Mimi." Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta. "Nakupenda, Hester. Miaka kumi na tisa nakupenda, sijui tu neno hilo linasemwaje. Usiende."

Hester akaichukua karatasi mkononi mwake. Kisha akachovya unyoya kwenye wino, akalikata lile neno, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Kaa hapa," alisema. "Haya, sema. Polepole, niandike."