Barua Kutoka kwa Marehemu

Evelio Berrocal alifariki siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, akiwa kibandani. Alikuwa ameketi kwenye stuli yake, miwani puani, anasoma matangazo ya ofisi ya soko kwenye simu. Akasema kichwa kinamuuma kidogo. Mkewe, Nicolasa, alimaliza kumenya kiazi kikuu kimoja, akamgeukia ampe maji. Evelio alikuwa ameshaondoka.

Kwa miaka thelathini na mmoja walikuwa wamegawana kazi katika soko la Caño Hondo. Nicolasa alipika mchuzi wa viazi vikuu na jibini, na watu walipanga foleni. Evelio alishughulika na karatasi. Nicolasa alijua kusoma na kuandika vizuri tu, ila barua za ofisi hazikuwahi kupita mikononi mwake.

Siku tisa za sala zilipokwisha, majirani walikuja kuchukua viti vyao. Msimamizi wa soko naye akapita. Alitoa pole, kisha akamweleza Nicolasa jambo. Kibali cha kibanda kilikuwa kwa jina la Evelio. Mjane anaweza kukirithi, lakini lazima aombe kwa barua pepe ndani ya siku thelathini tangu kifo. Siku hizo zikipita, kibanda anapewa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Wilmer, muuza vifuniko vya simu. Alikuwa ameshapita mara mbili kupima ukuta kwa futi kamba.

Nicolasa hakulilalia jambo hilo. Alichukua simu ya Evelio, akafungua barua pepe ya Evelio, akaandika kama anavyoongea. Kwao huwezi kuingia nyumba ya mtu na kusema shida yako kabla hujaulizia afya ya mama yake. Basi alianza kwa kumwombea baraka atakayesoma, mama yake na watoto wake. Akaandika kwa herufi kubwa tupu, maana macho yake hayaoni vizuri. Akasimulia msiba wote, tangu kichwa kuuma hadi mazishi, pamoja na yule binamu aliyelia kuliko mjane ilhali hakuwa amesema na Evelio kwa miaka kumi. Mwishoni akaandika: "KUHUSU LILE JAMBO MNALOLIJUA, NAWAACHIA MIOYO YENU." Jina lake hakuweka. Aliona kuwa linajulikana.

Hakujibiwa. Basi kila asubuhi akawatumia picha ya Bikira Maria katikati ya mawaridi, yenye maneno ya kuwatakia siku ya baraka, ili wasimsahau. Alituma picha kumi na moja.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku sita. Nicolasa alimpa simu Mzee Aquiles, aliyekuwa anakula pale kibandani. Mzee huyu alikuwa ameandikia watu barua mbele ya ofisi ya mji kwa miaka arobaini, kwanza kwa taipureta, sasa kwa kompyuta iliyong'oka vitufe viwili. Alisoma kwa sauti:

"Mheshimiwa Bwana Evelio Berrocal. Tumepokea ujumbe wako. Pole sana kwa kufiwa na mumeo. Hatujaelewa unaomba nini. Pia tunakuomba usituandikie kwa kufoka. Asante kwa maua."

Mzee Aquiles aliweka kijiko chini. Alitazama gauni jeusi la Nicolasa, akauma midomo.

"Wamempa pole Evelio kwa kifo cha Evelio," alisema Nicolasa, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho kwa aproni, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Alipotulia, alilalamika kwamba yeye ameandika kwa heshima zote.

"Umeandika kwa upendo, mwanangu," alisema Mzee Aquiles. "Yule binti wa ofisini anafungua barua mia kwa siku. Hakuoni uso, hasikii sauti yako. Kumheshimu ni kumwambia upesi wewe ni nani na unataka nini. Na herufi kubwa tupu kwake ni kelele."

Akamwambia aandike upya kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe. Hapo Nicolasa akaivuta simu kwake. Halafu akasema kwamba akiacha kutumia anwani ya Evelio, itakuwa kama mumewe amenyamaza kabisa.

"Usiifute," alisema mzee. "Iache ikae. Ila marehemu haombi kibali."

Waliandika pamoja pale mezani. Mzee alimwonyesha jinsi ya kukuza maandishi kwenye simu, aache herufi kubwa. Nicolasa alitaka binamu abaki kwenye barua.

"Anahusika na kibanda?"

"Hapana."

"Basi atoke."

"Hata kwenye mazishi tulishindwa kumtoa," alisema Nicolasa, lakini akamfuta. Aliomba angalau waridi moja. Mzee akasema hata jani hapana. Barua ikawa hivi:

Kichwa: Ombi la kuhamisha kibali cha kibanda namba 17

Ofisi ya Soko,
Habari za asubuhi. Mimi ni Nicolasa Hoyos, mjane wa Evelio Berrocal aliyefariki tarehe 11 Machi. Naomba kibali cha kibanda namba 17 kihamishwe kutoka jina lake kwenda jina langu. Nimeambatisha cheti cha kifo, cheti cha ndoa na nakala ya kitambulisho changu. Kama kuna kinachopungua, tafadhali nijulisheni.
Asante,
Nicolasa Hoyos

Mzee alimtaka aisome tena kabla ya kutuma, safari hii kwa macho ya Wilmer, atafute pa kumkamatia. Nicolasa akasoma, akasema Wilmer hana pa kushika.

"Vyeti viko wapi?" aliuliza mzee.

"Nimesema nimeambatisha."

"Umesema. Hujaambatisha."

Akaviambatisha, kimoja kimoja, ndipo akatuma.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa na mistari miwili: ombi limekubaliwa, na Bi Nicolasa Hoyos afike Alhamisi na kitambulisho ili asaini. Alilisoma mara nne akitafuta neno la fumbo. Halikuwemo. Wilmer alipopita tena, Nicolasa alimwonyesha simu. Wilmer akasoma, akakunja futi kamba yake, akaagiza mchuzi.

Anwani ya Evelio bado ipo kwenye simu, na haijafutwa. Barua za kibanda namba 17 sasa zinakuja kwa Nicolasa Hoyos, naye huzijibu mwenyewe.