Doa Halipigwi Pasi

"Siweki sahihi!" mama alisema. "Hata mkinipiga pasi pamoja na haya mashuka, siweki!"

"Mama, ni jina tu," Mkato alijibu. "Jina halina uzito."

"Kama halina uzito, tumia lako."

Mama alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, akikunja foronya. Mwanawe wa kiume alisimama mbele yake na fomu ya bima. Yeye ni dalali wa nyumba. Watu humwita Mkato kwa sababu hajawahi kupita njia ndefu. Dada yake, ambaye ni dobi, alikuwa akipiga pasi. Pasi ndiyo iliyosema badala yake. Kila ikitua mezani, meza ilitikisika.

Ugomvi ulikuwa wa gari. Dobi ana gari dogo la mizigo. Hubeba mashuka ya zahanati ya wazazi, machafu asubuhi, safi jioni. Bima ilipoisha, alisema atakata nyingine mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, ukapita, na mwingine nao ukapita. Siku moja trafiki akamsimamisha. Akatozwa faini, akafungiwa leseni. Tangu hapo mashuka yalikwenda kwa mkokoteni, na yalifika na vumbi. Muuguzi mkuu alishasema, "Vumbi likiingia tena wodini, natafuta dobi mwingine."

Leseni ilirudi jana. Gari lilikuwa uani. Bima haikuwepo.

"Kampuni wakiona alifungiwa leseni, watamfukuza au watamkamua," Mkato alisema. "Mama hana doa hata moja. Tuandike kwamba gari ni la mama na dereva ni mama. Dada aendeshe kimyakimya. Nani atajua?"

"Dereva!" Mama alicheka hadi foronya ikamponyoka. "Mimi sijui hata breki iko mguu gani! Nikiulizwa gia ziko ngapi nijibu nini? Za kutosha?"

"Hodi!"

Aliyeingia ni jirani, amekuja kuchukua nguo zake za kazi. Ni karani wa madai katika kampuni ya bima. Waliopata ajali hupita mezani kwake.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Hebu mwambie huyu. Mimi masikio yake yamenishinda."

Jirani aliisoma ile fomu. Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha.

"Kaka, tuseme dada yako amemgonga mtoto wa watu. Swali letu la kwanza ni nani alikuwa kwenye usukani. Polisi wanamjua, mashahidi wamemwona. Fomu inasema ni mama. Hapo kampuni inaweza kukataa kulipa. Au italipa, kisha iwageukie ninyi. Na atakayeitwa kujieleza ni huyu mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyeweka sahihi kwenye uongo."

Mkato akajikuna shingo. "Lakini akisema kweli, watamkataa."

"Wapo watakaomkataa. Kampuni yangu ni mojawapo, siwafichi. Wapo watakaompokea, kwa bei ya juu. Kufungiwa leseni si kufungiwa maisha. Akiendesha bila ajali, na asiache bima ikatike hata siku moja, bei mara nyingi hushuka."

Dobi aliinua kichwa. "Bei ya juu kiasi gani?"

"Sijui. Ndiyo maana huulizi kampuni moja tu. Na useme gari ni la biashara. Ukiandika la matembezi, huku limejaa mashuka ya zahanati, huo nao ni uongo."

"Na zile bima za pale stendi?" Mkato aliuliza. "Unalipa, unapewa, unaondoka."

"Unaondoka na karatasi. Nyuma yake hakuna kampuni. Bima yoyote, piga simu kwa kampuni yenyewe uihakikishe kabla hujawasha gari."

Mkato alimgeukia dada yake. "Kwa hiyo utasimama mbele ya watu utangaze kwamba ulifungiwa leseni? Aibu yote hiyo?"

"Mwanangu," mama alisema, "mimi nimefua nguo kabla hujazaliwa. Doa ukilipitishia pasi, umelikaribisha likae. Linafuliwa kwanza."

Dobi alichomoa pasi ukutani.

"Aibu niliimaliza siku niliposukuma mkokoteni mbele ya zahanati," alisema. "Iliyobaki ni kazi."

Akaichukua fomu, akaichana, akaitupa kwenye ndoo ya maji machafu. Akachukua leseni na kadi ya gari. "Mkato, twende. Kwa miguu."

Katika ofisi ya kwanza kulikuwa na foleni. Dobi alipofika dirishani hakunong'ona.

"Nilifungiwa leseni kwa kuendesha bila bima. Leseni imerudi. Nataka bima ya gari la biashara."

Vichwa viligeuka. Mkato akaanza kusoma tangazo ukutani kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Samahani, mama. Hatuchukui," karani alisema.

"Sawa. Nani anachukua?"

Karani alisita. Kisha akamwelekeza mtaa wa pili.

Huko alimkuta mwanamke mwenye miwani. Yeye aliuliza. Ulifungiwa lini? Kwa nini? Umewahi kupata ajali? Dobi alijibu yote. Mwanamke akataja bei. Mkato akapiga mluzi.

"Hiyo ni bima ndogo au kubwa?" dobi aliuliza.

"Ndogo. Inamlipa mtu utakayemgonga. Gari lako hailitengenezi. Kubwa inalitengeneza, lakini bei yake inapanda zaidi."

"Naanza na ndogo. Inaanza lini?"

"Leo, saa nane mchana."

"Na bei hii itanikaba mpaka lini?"

"Rudi mwakani bila ajali, kabla haijaisha. Tutazungumza upya."

"Nitarudi mapema mpaka unichoke."

Alilipa, akapewa bima yake, na nje ya mlango akapiga simu makao makuu ya kampuni. Namba ya bima ilikuwepo, na namba ya gari pia. Jina lilikuwa lake mwenyewe.

Saa nane ilipopita, gari lilitoka uani. Mama alikataa kubaki nyumbani, akapanda mbele. Mkato alipanda nyuma na mashuka.

Kwenye mzunguko alisimama trafiki yuleyule. Dobi alishusha kioo kabla hajaombwa.

"Dada, ni wewe tena?"

"Ni mimi tena." Akampa leseni na bima. "Soma. Tena soma kwa sauti, kaka yangu yuko huko nyuma na masikio yake ni mazito."

Trafiki alisoma. Jina, namba ya gari, biashara, tarehe.

"Na dereva ni nani?" mama aliuliza.

"Ni huyu hapa, bibi."

"Afadhali. Kuna mtu alitaka niwe mimi."

Trafiki aliwapisha. Dobi akatia gia, akaelekea zahanati. Mashuka yalifika meupe.