Hewa ya Garae

Kitendawili! Sema "tega", usione haya. Nikimkosa nazimia, akinizidi chini ya maji napata degedege nife, na uso wake sijawahi kuuona. Ni nani huyo?

Hujui? Nipe mji. Nipe Port Vila yote na taa zake. Haya, nimeshaitawala, nakurudishia: ni oksijeni. Sasa sogea nikusimulie ilivyotaka kuwatenganisha wapenzi wawili wa hapa hapa Luganville.

Leipakoa alikuwa fundi wa kuchanganya hewa za wapiga mbizi, wale wanaoshuka kuitazama meli ya vita iliyolala chini ya bahari yetu. Kwa kina kile hewa ya kawaida haifai. Fundi hujaza mtungi kwa heliamu, oksijeni na hewa, kila kimoja kwa kiasi chake, na miaka saba Leipakoa hakukosea hata mara moja.

Siku moja alipita sokoni na gauni lake pana la maua mekundu, nywele hazina hata tone la mafuta ya nazi. Mbele ya meza ya tuluk, ile mihogo yenye nyama ya nguruwe ndani, jamaa mmoja mrefu aliyeacha vifungo viwili vya shati wazi akampiga kikumbo.

"Samahani, dada! Chukua nusu ya tuluk yangu, iwe faini."

"Toa mikono yako hiyo! Naenda kushika oksijeni. Ikikutana na mafuta inawaka."

"Basi usishike." Akamega kipande. "Fungua mdomo."

"Mtu mzima nilishwe sokoni?"

"Kinapoa hicho."

"Huna adabu."

"Sina. Fungua."

Akina mama wauzaji wakapiga vigelegele. Leipakoa akatazama kushoto, akatazama kulia, akafungua mdomo.

Kumbe jamaa huyo, jina lake Garae, ndiye kiongozi mpya wa wapiga mbizi, ametoka kisiwa cha Ambae wiki ile ile. Miezi miwili haikupita, akawa anataka kumpeleka Leipakoa kwa mama yake.

Lakini kazi ile ina desturi. Kila mpiga mbizi hupima oksijeni ya mtungi wake mwenyewe kwa kimashine kabla ya kuingia majini, hata kama umejazwa na mama yake mzazi. Garae akaupima ule aliojaziwa na Leipakoa mbele za wageni. Akaupima tena.

"Mara mbili, Garae? Watu wakitazama?"

"Ndiyo kazi, mpenzi."

"Kazi ni ya hao wengine. Wewe unataka kunioa, na mkono wangu huuamini? Kama unanipenda, usipime tena."

Garae akakuna kichwa. "Haya, malkia. Sipimi."

Mapenzi yana ujinga wake, na huo ulikuwa mmojawapo.

Alhamisi mchana Leipakoa alikuwa anajaza mitungi ya Garae ya kesho yake. Kipande cha utepe alikuwa ameshakiandika: oksijeni asilimia kumi na nane. Heliamu imeingia, oksijeni imeingia. Simu ikalia.

"Mchawi wangu wa hewa!"

"Niache, nina kazi."

"Niwekee na busu humo."

"Nitakuwekea kofi. Bado unaniamini?"

"Kuliko mchungaji wetu."

"Na mitungi yangu? Hujawahi kuipima kwa siri?"

Garae akacheka. "Wageni wananiita, kipenzi." Akakata.

Leipakoa akarudi kwenye koki akitabasamu peke yake. Akaweka oksijeni, akamalizia na hewa, akabandika utepe. Kupima hakupima. Moyo wake ulikuwa bado kwenye simu.

Asubuhi, jua limeshapanda, akatupa jicho kwenye saa ya shinikizo ya ule mtungi mkubwa wa oksijeni anaochotea. Ilipaswa kusoma mia na kumi. Ilisoma mia na mbili. Akagonga kioo kwa kucha. Mia na mbili.

"Nimeweka mara mbili," akasema, na chumba kizima hakuna mtu.

Mitungi ya Garae ilikuwa na ishirini na nne, si kumi na nane. Mita sitini chini, kiasi hicho huweza kumtia mtu degedege na kipumulio kikamtoka mdomoni.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita. Akapiga tena. Akatoka mbio barabarani, ndala moja mguuni, akasimama katikati mbele ya pikapu ya magimbi.

"Baba, nipeleke ufukweni, mtu wangu atakufa!"

"Mtu wako nani?"

"Endesha!"

Ufukweni akalikuta shati la Garae tawini, simu mfukoni inaonyesha alivyopiga mara tisa. Mbali kidogo mapovu yalikuwa yanapanda. Akaingia majini mpaka kiunoni, gauni likaelea na kumzunguka. Akaenda kulia, akarudi kushoto. Akauma kidole. Neno lilikuwa moja tu rohoni mwake: Mungu wangu, awe amenidanganya. Mpenzi gani anaomba adanganywe?

Maji yakatikisika. Akatoka mgeni, peke yake. Leipakoa akapiga ukelele.

Kisha kikatokea kichwa cha pili, polepole.

"Leipakoa? Mbona unalia, kuna msiba?"

"Ulipima?"

Garae akamtazama mgeni, akatazama mchanga. "Mpenzi, tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza jana ukacheka. Ulipima, Garae?"

"Utakasirika."

"Sikasiriki! Nijibu!"

Akavua miwani ya maji, uso wote umeloa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama.

"Nilipima. Ilikuwa ishirini na nne, nikaishia juu kwenye omo, pua ya meli, kwenye kina kifupi, chini sikushuka. Na si leo tu. Kila siku napima, nimejificha nyuma ya gari kama mwizi wa kuku."