Unga Mweupe wa Jepkoech

Wakoli na mkewe Nelima wana mashine ya kusaga unga pale sokoni Kimilili. Zamani ukifika asubuhi ulikuta ndoo za mahindi zimepangwa mlangoni. Huku kwetu ukiweka ndoo kwenye foleni, unaenda zako sokoni, nayo inakushikia nafasi. Ole wako uisogeze ndoo ya mtu.

Siku hizi mlango ulikuwa mtupu. Nelima alifagia sakafu ambayo haikuwa na unga. Akachungulia barabarani. Akafagia tena.

"Ni hiyo mashine mpya ya kule juu," Wakoli alisema. "Watu wanapenda kitu mpya, bana. Watachoka, watarudi."

Hata yeye hakuamini. Alikuwa ameshampigia simu Nderitu, mfanyabiashara wa Kitale anayenunua mashine kuukuu. Nderitu angekuja Jumamosi. Shamba lao ni dogo, na mashine ikienda, watoto watakula nini? Nelima aliogopa sana.

Jumatano alivuka barabara hadi hoteli ya Mama Viola. Mama Viola huuza chai na mandazi, na benchi zake hazikosi watu.

"Mama Viola, wateja wametuhama. Niambie kwa nini."

"Nikikuambia utanuna."

"Afadhali ninune kuliko tuuze mashine."

Mama Viola aliketi. "Mteja wenu Jepkoech alikuwa anangoja wakwe. Akaleta mahindi yake meupe. Mzee wako alikuwa ametoka kusaga wimbi na mihogo ya mtu mwingine, na hakusafisha mashine. Unga ukatoka na rangi ya udongo. Mama wa watu alipouliza, akajibiwa nini? Ati unga ni unga, si itachanganyika tu huko tumboni."

Nelima alifunika uso. Hayo yalikuwa maneno ya Wakoli kabisa.

"Ugali ule ulimwaibisha mbele ya wakwe," Mama Viola aliendelea. "Na si yeye tu. Mtu ameweka ndoo tangu asubuhi, anakuja mwenye magunia, mzee anamsagia kwanza. Wengine hawakusema kitu, waliondoka tu. Mimi mteja akilalamika kwamba chai imepoa, namshukuru, nampa nyingine. Huyo bado ananitaka. Mwendeeni Jepkoech mumwombe msamaha. Halafu mbadilishe kazi yenyewe, la sivyo ataona mnamchezea."

Wakoli alipoambiwa alifoka. "Niende kuomba msamaha juu ya unga?"

"Basi Jumamosi mpe Nderitu ufunguo," Nelima alisema.

Wakoli alichukua kitambaa. Kisha alifungua mashine, akapangusa ndani kote, akasaga mahindi yake mwenyewe. Aliubeba unga huo hadi kwa Jepkoech.

"Dada, nilikukosea, na nikakujibu vibaya. Kuanzia sasa asubuhi tunasaga mahindi peke yake. Wimbi na mihogo ni mchana, na baadaye nasafisha mashine. Na foleni ni foleni, hata kwa mwenye magunia."

Jepkoech aliupokea unga. "Asante," alisema, akafunga mlango. Hakusema kama atarudi.

Alhamisi hakuja mtu. Ijumaa ilikuja ndoo moja, na haikuwa ya Jepkoech. Wakoli alimsagia yule mama vizuri, akambebea unga hadi barabarani. Nelima alihesabu saa tu.

Jumamosi Nderitu alifika, akakuta ndoo zimepangwa hadi nje. Jepkoech alikuwa ameonja ule unga, akaja na akina mama wa chama chake cha kuweka akiba. Nderitu alipita mbele, akataka mashine izimwe aikague.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," Wakoli alimwambia. "Hawa wametangulia."

"Kwani mnauza ama hamuuzi?"

Jepkoech alijibu kabla ya Nelima.

"Wakiuza, sisi tutasaga wapi?"

Nderitu alitazama ile foleni, akaona hapauzwi kitu, akaenda kunywa chai. Nelima alikaa juu ya gunia akalia mbele ya watu wote, na wala hakuona haya.