Bolti Yenye Utepe Mweupe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gari lolote halijaingia gereji, Misuli alikuwa na kazi tatu. Alifagia sakafu, akamwaga unga wa mbao juu ya madoa ya oili, kisha akapangusa bolti kumi na moja zilizoning'inia ukutani kwa waya. Kwa nini mama yake alizitundika pale, hakujua. Alidhani ni akiba. Ila akiba hiyo hakuna aliyewahi kuigusa, isipokuwa yeye na kitambaa chake.

Jina la Misuli alipewa na bibi yake. Kifuniko cha chupa kikigoma kufunguka, bibi alipaza sauti, "Misuli yuko wapi?" Naye alikuja mbio, akakamata, akakunja uso, na kifuniko kikasalimu amri. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na darasani kwao hakuna aliyemweza kwa kushindana mikono mezani. Basi kichwa kikamvimba kidogo. Tuseme ukweli, kikamvimba sana.

Mama yake ndiye aliyekuwa fundi wa gereji ile. Jumamosi hiyo alimpa Misuli ovaroli iliyokunjwa mikono mara tatu, akamwambia, "Leo oili ya gari la Sista utabadilisha mwenyewe. Mimi nitakuwa hapo pembeni, kwenye breki za teksi."

Misuli alitaka kuruka juu kwa furaha, akajizuia. Mafundi hawaruki.

Sista alikuwa muuguzi wa zahanati. Saa sita mchana angeondoka na chanjo za watoto wa vijiji vya mlimani, safari ya saa tatu kwenye barabara ya mawe matupu. Huko juu hakuna gereji, na simu haishiki.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Ile sampu inayoshika oili chini ya injini ni ya alumini. Alumini ni laini kuliko chuma. Bolti yake ya kumwagia oili ikifika mwisho, ipe nguvu kidogo tu, halafu acha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko hakushika.

Alishuka kwenye shimo chini ya gari, akafungua bolti, oili nyeusi ikamiminika kwenye beseni mpaka tone la mwisho. Akairudisha bolti kwa vidole, akamalizia kwa spana. Ikafika mwisho. Hapo angeacha, hadithi yetu ingeishia hapa. Lakini alifikiria yale mawe ya barabarani. Je, ikilegea? Akavuta mara moja zaidi kwa ajili ya Sista. Akavuta tena kwa ajili ya watoto. Mara ya tatu alivuta kwa ajili ya sifa, akakunja uso kama afanyavyo kwenye vifuniko vya bibi.

Bolti ikalegea ghafla. Ikazunguka na kuzunguka bila kushika kitu.

Aliichomoa. Vipande vyembamba vya alumini, vyenye kung'aa, vilikuwa vimejisokota kwenye bolti. Ulikuwa ndio uzi wa lile tundu, ile mifereji inayoishika bolti isitoke. Misuli alikuwa ameung'oa wote.

Akimwambia mama, si ndio mwisho wa ovaroli? Akakumbuka utepe mweupe ambao mama hufungia bomba la sinki lisivuje. Akauchukua kwenye droo, akauzungusha mara saba kwenye bolti, akaishindilia tunduni. Akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Imekaza?" mama aliuliza kutoka kwenye teksi.

"Imekaa vizuri, mama."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini mama alikuwa akigonga chuma. Alimaliza, akaja, akamimina oili mpya.

Saa tano na nusu Sista aliingia akicheka, kisanduku cha chanjo chenye barafu begani. "Haya, nani kanitengenezea gari?"

"Fundi ndiye huyo hapo," mama alisema kwa majivuno.

"Misuli? Basi leo nitaimba njia nzima!" Sista alimbana shavu. "Watoto thelathini wananingoja. Mama zao wengine wametoka nyumbani alfajiri kwa miguu."

Aliweka kisanduku kwenye kiti, akaingia, akawasha injini. Misuli aliliangalia gari likianza kurudi nyuma taratibu. Aliona barabara ya mlimani, oili ikimwagika juu ya mawe, injini ikinyamaza, na Sista peke yake na kisanduku chenye barafu inayoyeyuka. Akakimbilia nyuma ya gari, akatanua mikono yote miwili.

"Zima! Zima injini, Sista! Bolti ni mbovu! Nimeiharibu mimi, nikaificha kwa utepe!"

Sista alikanyaga breki, akazima. Machozi yakamtiririka Misuli, yakachora njia mbili kwenye uso wenye oili.

Mama alishuka shimoni na tochi, akapandisha kidole chenye oili mbichi. "Imeshaanza kuvuja," alisema. Akamgeukia Sista. "Barafu yako itavumilia?"

"Mpaka usiku."

"Nipe saa moja. Misuli, futa uso, leta keekee na lile boksi jekundu. Aliyeharibu ndiye anayeshika tochi."

Saa ile Misuli hataisahau. Walimwaga oili. Mama alipaka grisi kwenye ncha ya keekee ili vumbi la alumini linase humo, akapanua tundu. Kisha akatoa kwenye boksi jekundu chuma cha kukatia uzi, akampa Misuli.

"Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Usilazimishe."

Misuli alizungusha akiwa amebana pumzi. Uzi mpya ukachongeka, msafi kabisa. Ndani yake mama aliingiza waya mgumu uliosokotwa mithili ya springi ndogo. "Sasa bolti itashika chuma, haitashika alumini," alisema. "Tundu hili limekuwa imara kuliko lilipotoka kiwandani."

Wakasafisha kwa oili kidogo. Bolti mpya Misuli aliikaza mwenyewe, macho yamefumbwa, mama ameweka mkono juu ya mkono wake. Ikafika mwisho. Nguvu kidogo tu. Akaacha.

"Ndiyo hiyo!" mama alisema, na wote watatu wakacheka kwa furaha. Mama akamimina oili tena, injini ikaunguruma dakika kumi, na chini palikuwa pakavu. Sista aliondoka akiimba kweli, na sauti yake ilikuwa mbaya ajabu.

Misuli akaanza kuvua ovaroli.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza. Alikuwa na kipande cha waya mkononi. Akaifunga ile bolti mbovu, na utepe wake mweupe, na alumini yake iliyojisokota, akaitundika ukutani. Ikawa ya kumi na mbili. "Unadhani hizi nyingine ni za nani?"

Misuli akazitazama zile kumi na moja alizozipangusa miaka yote. "Zako, mama?"

"Zangu zote. Ile kubwa niliificha siku mbili, na mwenye gari akakwama porini na wanawe. Mpaka leo nikiiona naona aibu. Wewe umeificha saa moja tu, kisha ukasimama nyuma ya gari. Kuharibu, kila fundi anaharibu, na tunatengeneza. Ila siwezi kutengeneza kitu nisichoambiwa. Nguvu zako nazipenda, mwanangu. Ukweli wako leo nimeupenda zaidi."

Jumatatu Sista alipita akipiga honi. Watoto walikuwa thelathini na mmoja, na wote wamechanjwa. Misuli alipofika nyumbani kutoa habari, bibi alikuwa akimngoja na chupa iliyogoma.

Misuli aliishika, akafumba macho, akaizungusha polepole kwa vidole viwili.

"Aka!" bibi alishangaa. "Leo unaumwa?"

"Hapana, bibi," alisema, kifuniko kikiwa tayari mkononi. "Leo nimesikiliza."